Mizigo Italindwa na Nani

Kila mwezi wa kumi, mabibo yakianza kudondoka,
baba aliazima pikapu ya Mzee Nnunduma wa stoo ya chumvi,
akazikagua tairi kwa teke, moja moja,
nasi tukapakia:
madumu sita ya maji, vifuniko vimekazwa kwa nailoni,
pweza mkavu, sabuni za mche, chumvi nusu kiroba.
Mshamu aliuliza kila mwaka,
Shamba zima lile, maji wanakosaje?
Na mama alijibu kila mwaka,
Panda, tuondoke.

Naliendele. Nanyamba. Tandahimba.
Vumbi lilitupaka nyusi mpaka tukafanana wote,
hata Somoe, ambaye hafanani na yeyote.

Kwa mjomba Nangumbi mikorosho imeshusha matawi hadi chini;
unaingia umeinama, kama chumba cha mgonjwa.
Bibo jekundu, bibo la njano,
na korosho yake inaning'inia nje
kama ufunguo uliosahauliwa mlangoni.
Tuliokota kwa kushindana,
tukanyofoa, tukanyonya,
ukakasi ukatufunga koo, tukanyonya tena.
Mjomba akahesabu machungu yake: bei ya mnada,
salfa iliyofika maua yameshapukutika,
kijana wa kangomba aliyepita juzi na bakuli lake.
Baba alitikisa kichwa
kama mtu anayejua kilimo.
Korosho zikakaangwa juu ya bati lililotobolewa,
mafuta yakashika moto, moshi ukatufukuza,
tukarudi, ukatufukuza.

Maji yetu mke wa mjomba aliyapokea kwa mikono miwili.
Aliyamimina pipani taratibu mno,
nikadhani anamlaza mtoto.

Na wakati wa kurudi, lazima Shimo la Mungu.
Hiyo ilikuwa sheria ya baba.
Shukeni, vuteni hewa!
Pale Newala inakatika ghafla kama mkate,
na chini, chini kabisa, kuna miti midogo kama mboga,
kisha ukungu, kisha Ruvuma,
kisha nchi ya watu.
Tulipiga kelele tukisubiri mwangwi.
Mama alibaki garini.
Mizigo italindwa na nani?
Magunia mawili ya korosho na fungu la mihogo,
na barabara nzima haina mtu.

Mwaka ule Somoe, miaka saba, meno mawili pungufu,
alimng'ang'ania kitenge:
Njoo uone, mama. Pazuri!
Mama akashuka.
Akaenda mpaka ukingoni bila kupunguza hatua,
kama mtu anayeingia jikoni kwake gizani,
akanyoosha kidole.

Pale kwenye jiwe jeupe tulikuwa tunapumzika.
Pale nilivunja mtungi, nikachapwa.
Kule, mnaona weusi ule? Ndiko kisima.
Tunashuka jogoo la kwanza,
tunapanda jua likiwa utosini.
Ndoo moja.
Na nyumbani tuko tisa.

Baba alivua kofia. Akaivaa.
Miaka kumi na miwili alikuwa anatuonyesha mandhari.
Mshamu, aliyekuwa amevuta pumzi apige kelele,
akaiachia kimyakimya puani.

Pazuri kweli, mama akasema baada ya muda.
Sijawahi kupatazama
nikiwa sina kitu kichwani.
Kisha akamfuta Somoe kamasi kwa pindo la kitenge,
akauliza nani amebaki na mizigo.

Usiku, Mtwara, nilikuwa bombani na gauni langu.
Utomvu wa bibo ulikuwa umepiga kifuani,
doa kubwa kama kiganja.
Nikafua, nikasuuza, nikafua.
Bomba linatiririka, mimi nasugua.
Mkono wa mama ukapita juu ya bega langu
ukalifunga.

Hilo halitoki, alisema.
Utalivaa hivyo hivyo.